Hamu Hainyimwi

Walitoka wanaume kumi na wanne, wakarudi tisa. Wanane walikuja kwa miguu yao. Wa tisa alikuja juu ya machela, na alikuwa ameshakata roho tangu kwenye kona ya mwisho ya mlima, ila hakuna aliyepata moyo wa kumfunika uso. Lango la Boma likajifunga nyuma yao kwa mshindo, feni zikaanza kuvuta vumbi walilokuja nalo, na wake za wale watano wasiorudi wakawa wanahesabu vichwa kwa macho, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Mkamburi alikuwa amesimama pale anaposimama siku zote, kando ya mtambo, kitambaa cheupe begani. Yeye ndiye msomaji wa Boma. Juzi saa nne asubuhi alimtia Mghoi mwiba chini ya ulimi. Mimba ya Mghoi ilikuwa ya miezi sita. Akasoma kwenye kioo, akatangaza kwa sauti yake ya kila siku: "Chuma. Udongo wa kichuguu. Bondeni, nyuzi mia na kumi." Maneno hayo machache ndiyo yaliyowatoa wale wanaume. Akiyakumbuka sasa mbele ya machela, aliona haya, na hilo lilimshangaza, kwa sababu kazi hii alikuwa ameifanya miaka kumi na minne bila haya yoyote.

Aliyelala kwenye machela alikuwa Mwandoe, mume wa Mghoi. Nusu ya uso wake ilikuwa imeungua kwa majivu ya moto, jicho la kushoto limeiva likawa jeupe kama yai. Aliyeshika machela mbele alikuwa kaka yake, Mwakio, mkuu wa wachukuzi. Wachukuzi ndilo jina walilojipa. Hawakupenda kuitwa askari, maana askari hupigana, na wao, walivyokuwa wakisema, walikwenda kuchukua tu.

Mwakio hakulia. Aliiweka machela chini, akalifungua gunia alilofungwa nalo mgongoni, akapiga goti.

"Mleteni shemeji," akasema. "Alambe."

Huko nyuma, kabla ya miaka ya vumbi, hamu ya mjamzito ilikuwa kichekesho cha nyumbani. Mume alitumwa ndimu mvua ikinyesha, akirudi nazo amelowa chepechepe anaambiwa sasa mwenzio anataka samaki mkavu, majirani wakacheka wiki nzima. Siku hizi pale Boma hakuna aliyecheka. Watoto walizaliwa na mifupa laini, magoti yakikunjika kama mabua mabichi, mpaka waasisi wa Boma walipoutengeneza mwiba.

Mwiba ni kijisindano chembamba kama mfupa wa dagaa. Ukiingia chini ya ulimi hushika mshipa wa ladha na mshipa wa pua, na kila aliyewahi kukaanga kitunguu karibu na mjamzito anaijua pua hiyo. Upepo huleta chembe kutoka kila bonde, pua huzipokea bila mwenyewe kujua, na mtambo husoma imeitikia nini na kutoka upande gani. Kisha hutaja. Waasisi, waliokuwa watu wa amani, waliunganisha mtambo na lango kwa waya mmoja. Wanaorudi hujifungulia kwa alama za vidole vyao, lakini kutoka, lango lisifunguke kwa hasira ya mtu wala kwa amri ya mkubwa, ila kwa haja ya mtoto ambaye hajazaliwa. Lilikuwa wazo zuri. Mawazo mazuri ndiyo yaliyoua watu wengi zaidi pale mlimani.

Na kweli watoto walipona, lazima hilo lisemwe. Nyambu, mjukuu wa Mkamburi, anaruka kamba leo kwa sababu ya magadi yaliyoletwa kutoka ziwani mama yake alipokuwa na mimba yake. Wachukuzi watatu walikufa kwa magadi yale. Wa upande wa ziwani hakuna aliyewahesabu.

Lakini hamu ikishachukuliwa lazima iliwe hadharani. Aliyeileta hupiga goti na kunyoosha kiganja, mjamzito hulamba mara tatu, wanawake hupiga vigelegele, na hapo damu yote iliyomwagika njiani huwa imemwagika kwa haja. Asipolamba, waliokwenda ni wauaji. Mkono mtupu haulambwi, walikuwa wakisema wachukuzi kwa majigambo. Hawakuwahi kujiuliza ingekuwaje mkono uliojaa ukakataliwa.

Mghoi akaja. Alipita kando ya machela, akasimama, akamtazama mumewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, aliyeletwa Boma akiwa na miaka tisa, mwaka ule wa njaa ambapo watu wa Bondeni waliruhusiwa kuacha watoto langoni na kwenda zao. Wawili waliomshika mikono walidhani ataanguka. Hakuanguka. Akainama juu ya kiganja cha Mwakio, palipokuwa na kipande cha udongo uliochomwa, chenye damu upande mmoja, akalamba mara moja.

Ulimi ukasimama.

"Aliyeuchoma udongo huu yuko wapi?" akauliza.

"Ni udongo tu, shemeji. Lamba."

"Si udongo tu. Huu umefukizwa kwa moshi wa mkaratusi, ukatiwa chumvi kwa ncha ya kisu kabla haujakauka. Bondeni nzima anayefanya hivyo ni mmoja." Akamgeukia mchukuzi wa nyuma, Mwasaru, aliyekuwa na uso wa huruma kuliko wengine. "Mwasaru, niambie. Pale tanurini mlimkuta nani?"

Mwasaru akatazama viatu vyake. "Bibi mmoja. Aling'ang'ania gunia."

"Mkamfanya nini?"

"Alimmwagia Mwandoe majivu ya moto usoni," Mwakio akasema, goti bado liko chini. "Nilimpiga panga. Nilimpiga tena. Ningempiga na la tatu kama angekuwa bado na shingo. Sasa lamba."

Bibi huyo alikuwa mama aliyemzaa, na hivyo ndivyo Mghoi alivyopata habari ya msiba wa pili kabla hajaulilia wa kwanza. Mkwe na mama mkwe walikuwa hawajaonana hata siku moja. Mila haikuwaruhusu kutazamana usoni, na lango halikuwaruhusu hata kukaribiana. Walipokutana, mama aliona mwizi, na mkwe aliona kikongwe kinachomzuilia gunia.

"Sitaki tena," Mghoi akasema. "Hamu imekwisha."

Umati ukaguna. Mjane mmoja akapiga ukelele: "Imekwisha? Mume wangu nimzike kwa lipi?"

Mwakio akasimama. Akamshika Mghoi taya kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamsokomezea udongo mdomoni, vidole viwili vikiingia nao. Mghoi akauma. Aliuma mpaka meno yakagonga mfupa, na Mwakio akanguruma, akampiga kofi la kisogoni lililomtupa juu ya miguu ya maiti. Akauinua mguu, na kila mtu akaona buti lile linaelekea wapi.

"Mwache!" Mkamburi alijikuta akipiga kelele. "Hamu iliyokatika husomwa tena. Ndiyo sheria. Ukimgusa kabla sijamsoma, mimi sitasoma mtu mwingine hapa."

Buti likabaki hewani kidogo, kisha likashuka chini.

"Msome," Mwakio akasema, damu ikimtiririka kidoleni. "Na usome vizuri, mama. Isomeke kwamba ndugu yangu alikufa kwa haja. Ikisomeka vinginevyo, nitamtoa mtoto wa ndugu yangu humo tumboni kwa mkono wangu mwenyewe nikamlee."

Nyuma ya pazia la kusomea palikuwa na kiti kimoja na beseni. Mghoi alitema udongo, akasukutua, akatema tena, na maji yakawa mekundu kwa sababu mdomo ulikuwa umechanika. Mkamburi alimfuta. Kisha akakibana kitufe kinachozuia lango kwenye usomaji wa marudio, akautia mwiba.

Kioo kikawaka. Chuma. Bondeni, nyuzi mia na kumi. Vile vile kama juzi, ila leo mwanga ulikuwa mkali zaidi.

Pembeni ya kioo, chini kabisa, kuna tarakimu ndogo inayoonyesha kiasi kilichomo damuni. Sheria haikumtaka msomaji aitangaze, na Mkamburi alishazoea kuiruka. Leo aliisoma. Damu ya Mghoi ilikuwa na chuma tele, ingeweza kumgawia jirani.

"Hupungukiwi na chochote," akanong'ona.

"Najua."

"Sasa juzi ulikuwa unataka nini?"

Mghoi alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa sana. "Juzi asubuhi mtoto alicheza kwa nguvu mara ya kwanza. Nikamkumbuka mama. Alikuwa akinipa kijipande kimoja nikimaliza kuchota maji, nakimung'unya njia nzima. Ulipotia huo mwiba nilikuwa namkumbuka yeye. Basi, ni hivyo tu."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Uliniuliza?"

Mkamburi akakaa sakafuni. Kuna mambo mtu huyajua kwa miaka mingi bila kuyatazama, na siku akiyatazama hayana hata ugeni. Ile tarakimu ndogo aliwahi kuiona ikikataana na kioo mara nyingi. Mara nyingine kioo kilisema kweli, kama kwa magadi ya Nyambu. Mara nyingine kilisoma mwanamke anayelia moyoni kwa ajili ya kwao, kikataja chuma, au zinki, au chumvi, kwa kuwa hayo tu ndiyo majina kiliyofundishwa. Haja na hamu, kwa mtambo, ni kitu kimoja. Na yeye alisimama pale na kitambaa cheupe akatangaza vyote kwa sauti moja.

Akafikiri haraka. Akitangaza Bondeni tena, Mghoi atapona, na Mwakio atashuka na panga lile lile kwa watu waliobaki, ambao sasa hivi pengine wanamwosha yule bibi. Akitangaza kwamba hakuna kinachopungua, wachukuzi wanakuwa wauaji, na Mghoi hataiona jioni. Hapakuwa na neno la tatu kwenye kioo.

"Utasema nini?" Mghoi akauliza.

"Nitasema kweli. Halafu nitawaonyesha."

Alitoka akasema kweli. Hakuipamba. Aliwaambia mtambo husoma kile ambacho moyo unakililia, hata kama mwili umeshiba, na kwamba juzi ulimsoma Mghoi akimkumbuka mama yake. Hakumaliza. Kiatu kilimpiga shavuni, kisha jiwe likampata juu ya sikio, na joto la damu likateremka mpaka kwenye kitambaa. Wajane wawili walimrukia, mmoja akamng'oa kilemba na nywele zake, akipiga kelele kwamba mumewe alifia ziwani, je, naye alikufa bure? Mwasaru na mwenzake ndio waliowavuta nyuma.

"Thibitisha," Mwakio akasema. Alisema taratibu.

"Njoo mwenyewe," Mkamburi akamjibu. "Fungua mdomo. Ama unaogopa mwiba, wewe uliyezoea panga?"

Mwakio akafungua mdomo. Mkamburi akalivuta pazia kando ili wote waone kioo, akamchoma mwiba chini ya ulimi, na umati wote ukasogea.

Kioo kikawaka kuliko kilivyowahi kuwaka kwa mwanamke yeyote. Chuma. Chuma. Chuma. Bondeni, nyuzi mia na kumi.

"Haya!" Mkamburi akapaza sauti, damu ikimwingia jichoni. "Mwakio ana mimba? Ya miezi mingapi? Semeni! Mtambo haujui mimba, unajua ulimi tu. Huyu anataka damu ya watu wa Bondeni, na mtambo umesema ni haja!"

Mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi cha woga. Mkamburi akadhani ameshinda. Aliona nyuso zikibadilika, akadhani ni aibu.

Kisha lango likalia. Minyororo yake mikubwa ilizunguka ikiliinua, vumbi jekundu likajipenyeza chini, na ule mwanya ukaanza kupanuka, unyayo mmoja, unyayo wa pili. Safari hii Mkamburi hakukibana kitufe, na waya ule mmoja wa waasisi ulikuwa umefanya kazi yake.

Mwakio aligeuka akatazama nje. Mwiba ulikuwa bado mdomoni, mate mekundu yakimshuka kidevuni. Alipoongea maneno yalikuja mazito, lakini kila mtu aliyasikia.

"Mmeona wenyewe. Mtambo umesema. Hamu hainyimwi."

"Hainyimwi!" wakaitikia. Waliitikia wachukuzi, wakaitikia wajane, hata wazee waliokaa kwenye benchi za nyuma waliitikia. Fimbo za umeme zikaokotwa. Mwanamke mmoja akamvisha mwanawe barakoa akimwambia achinje na kwa niaba ya baba yake.

Mkamburi alidhani watu wale walihitaji ushahidi. Walichokuwa wakikitaka tangu zamani ni ruhusa, na yeye ndiye aliyewapa, tena kwa mkono wake.

Karibu na mtambo kuna kinu cha kutwangia udongo wa wajawazito, na ndani ya kinu kuna mchi wa mti mgumu wa mkarambati, mzito kama mtoto wa mwaka. Aliushika. Kwenye foleni ya kusomwa, wajawazito watatu walikuwa wamejibana ukutani, na wa mbele alikuwa Wakesho, aliyemzika mtoto wake wa kwanza mwaka juzi, mifupa ikiwa laini. Macho yao yalikutana. Wakesho aliona mchi umeinuliwa, akaelewa, akatikisa kichwa: hapana, mama, hapana, na mimi je? Mkamburi alimwona vizuri sana. Akamwona na Nyambu na kamba yake, na watoto wote watakaokuja ambao mtambo ungewasoma kweli. Akapiga.

Pigo la kwanza lilipasua kioo. La pili liliingia tumboni mwa mtambo, cheche zikamrukia mikononi zikamchoma mpaka kwenye viwiko. La tatu alilipiga akipiga kelele, akimtukana kila mtu na akijitukana yeye mwenyewe, na waya ukakatika.

Lango likaanguka. Halikujifunga, lilianguka kwa uzito wake wote, na mchukuzi wa kwanza alikuwa ameshatanguliza mguu. Mfupa wa paja ulipasuka kwa sauti ya kuni kavu. Alikuwa Mwasaru. Yowe lake lilijaa Boma zima.

Mwakio alimfikia Mkamburi kwa hatua tatu. Fimbo ilimpiga mdomoni, meno matatu yakatoka pamoja, na umeme ukampitia mpaka kwenye nyayo. Alianguka. Akapigwa mbavu, akapigwa mkono aliojikinga nao, akasikia kitu kikivunjika humo na hakujua ni nini. Hakuomba radhi. Alihesabu mapigo kwa sababu kichwa kilitaka kazi, na alipofika la tisa yakakoma, kwa kuwa Mwasaru alikuwa akiliita jina la Mwakio. "Mwakio! Nitoe! Ndugu yangu, nitoe!"

Mwakio alisimama na fimbo juu, kifua kikipanda na kushuka. Akauchomoa ule mwiba mdomoni, ukatoka na kipande cha ngozi, akautupa. Kisha akakimbia langoni. Wote walikimbia. Chuma kile hakikuinuliwa na watu kumi wala ishirini. Ilibidi kila mwenye mkono ashike, wajane, wazee, Mghoi na tumbo lake, bega lake likiwa limebanana na bega la aliyemuua mama yake, wote wakihema kwa pamoja. Walimtoa Mwasaru, na mguu wake ukaning'inia kwa ngozi. Lango likarudi chini, na safari hii halikuwa na waya wa kulifungua.

Mkamburi alibaki peke yake kando ya mtambo uliokufa. Wakesho ndiye aliyemjia. Alijishusha chini kwa shida, magoti yake yamevimba, akakaa karibu naye, akamtazama kwa chuki ya wazi.

"Mtoto wangu wa kwanza nilimzika na mtambo upo," akasema. "Huyu sasa mtambo haupo. Niambie, mama. Nitajuaje ninachotakiwa kula?"

Mkamburi akatema damu, na jino moja lililokuwa limebaki likining'inia. Akajifuta kwa kiganja. Ulimi ulikuwa umevimba, ikambidi aliseme swali lile polepole, neno kwa neno.

"Wewe mwenyewe unatamani nini, mwanangu?"

Wakesho alifungua mdomo kumjibu kwa hasira, akaufunga. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Chokaa," akasema. "Chokaa ya ukutani, ile inayobanduka. Naiota. Hata mimba ya kwanza nilitamani hiyo hiyo mpaka nikawa naramba vidole nikiigusa. Nikaona haya kusema. Wewe ukatangaza chuma, wakaenda wakaniletea chuma, nikakila chote."

Mkamburi akainua uso. Ukuta wa Boma ulikuwa umewazunguka pande zote nne, mrefu, mweupe kama mfupa, umepakwa chokaa toka chini mpaka juu.